Mzee wa Ndege wa Dongobesh

Ukimpigia simu Mzee wa Ndege ukamwambia uko njiani, alikasirika. Alisema njiani si mahali. Alitaka umtajie ulichokipita, unakoelekea, na dakika zilizobaki. Sisi tuliomzoea tulijifunza: nimepita mashine ya kusaga, naelekea kanisani, dakika kumi. Naye alirudia maneno yako yote kama ulivyoyasema, kisha akangoja umthibitishie kwamba amesikia sawasawa. Hata akimtuma mke wake dukani alitaka arudie alichotumwa. Mke wake, mama mpole aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, alirudia huku anacheka: chumvi moja, kiberiti kimoja, narudi. Yeye hakucheka. Alisema watu wamekufa kwa sababu mmoja alisema na mwingine akadhani amesikia.

Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka kumi. Mimi nilikuwa nesi katika hospitali ya kanisa iliyo juu ya Dongobesh, kwenye mgongo wa kilima, yenye kiwanja cha majani cha ndege ndogo. Yeye alikuwa mstaafu. Kazi yake ilikuwa kuongoza ndege katika kiwanja kikubwa mjini: kukaa mbele ya kioo cha rada na kuwaambia marubani wapande, washuke au wangoje. Mwanzoni watu wetu walidhani alikuwa rubani, naye aliwakatalia kila mara. Alisema hajawahi kurusha hata kishada.

Alirudi nyumbani miaka michache baada ya Manyara kukatwa kutoka Arusha na kuwa mkoa. Mambo mengi yalikuwa yamegeuka wakati ule. Mashamba makubwa ya ngano ya serikali kule Hanang yalikuwa yanaondoka mikononi mwa serikali, watu waliokuwa na ajira za kudumu walikuwa wamepunguzwa, na maduka ya Dongobesh yalijaa redio na baiskeli mpya ambazo waliopunguzwa hawakuweza kuzinunua. Angani nako, alitusimulia, ilikuwa hivyo hivyo. Zamani ndege zilikuwa chache, akizijua kwa namba zao na marubani kwa sauti zao. Kisha kampuni binafsi zikaruhusiwa, watalii wakaongezeka, anga ikajaa. Wakubwa wake wakaona rada ile kuukuu haitoshi, wakaleta mfumo wa setilaiti.

Tofauti ya vitu hivyo viwili aliieleza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Jumapili moja baada ya ibada, wazee wakiwa wamemzunguka nje ya kanisa, alinyoosha mkono kuelekea bondeni.

"Rada ni sawa na kusimama hapa na kumpigia kelele mtu aliye ng'ambo ile," alisema. "Sauti inamgonga, inarudi, unajua yuko wapi. Umemtafuta mwenyewe. Huu mfumo mpya, ndege inapata mahali ilipo kutoka kwa setilaiti, halafu inakutangazia yenyewe: niko hapa. Na wewe unaandika. Mimi sijawahi kumwamini mtu kwa sababu tu amejieleza."

Wazee walipenda sana maneno hayo. Wengi walikuwa na mtoto au ndugu aliyerudishwa nyumbani bila kazi, na katika Mzee wa Ndege walimwona mtu wao, fundi aliyesukumwa nje na mashine kwa sababu alisema ukweli. Yeye hakuwahi kutamka kwamba alifukuzwa kwa kuikataa setilaiti. Sisi ndio tuliosema, tukaambizana, ikawa habari yake. Naye, mtu aliyemsahihisha kila mtu kwa kila jambo, hilo hakulisahihisha.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake haukuwa wa kuonea. Ng'ombe akiingia kiwanjani alimfukuza kwa fimbo, kisha akamfuata mwenye ng'ombe hadi nyumbani kumwomba radhi kwa kumpiga ng'ombe wake. Mvua ikichimba shimo kwenye kiwanja alilijaza kokoto kwa mikono yake, na hakuwahi kudai malipo hospitalini. Soksi ya upepo, ule mfuko mrefu wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unakotoka, ilishonwa na mke wake kwa shuka jekundu. Mzee aliisimika kwenye mlingoti mwisho wa kiwanja, karibu na mikaratusi. Redio ya hospitali aliikuta imefunikwa vumbi. Akaifufua, na tangu hapo kila ndege ya madaktari ilipokuja ilisikia sauti yake ikieleza upepo, tope na mifugo. Marubani walimpenda. Walisema ukizungumza naye ni kama umeshaona kiwanja kwa macho yako.

Kulikuwa na neno ambalo hakulisema, lakini nilichelewa kuligundua. Hakumwambia rubani ashuke. Alimaliza kueleza kila kitu, halafu akasema, "Kiwanja ni chako." Tulidhani ndiyo staili yake. Na hata nje ya redio alikuwa hivyo. Wakati wa masika, tukifika kwenye kijito kilichojaa, yeye ndiye aliyejua kina chake kuliko wote, lakini hakuwa tayari kumwambia mtu apite. Binti yake wa mwisho alipochumbiwa, wazee wa upande wa pili walikaa sebuleni tangu asubuhi wakingoja baba atamke kwamba ameridhia. Aliwaambia wamuulize mama. Wale wageni waliudhika, na mama akalazimika kusema yeye, jambo ambalo kwetu halijazoeleka.

Jambo jingine nililiona kwa bahati. Nilipita shambani kwake siku moja, wakati wa kupanda vitunguu, nikamkuta anatembea mpakani na kifaa kidogo mkononi, ukubwa wa kipande cha sabuni. Alikuwa anasimama, anakitazama, anaandika kwenye daftari. Aliponiona macho yake yalikwenda chini, akakisukumiza ndani ya soksi ya mguu kama mtoto aliyeiba.

Nilimwamkia, nikamuuliza kama si kile cha setilaiti.

"Ndicho," alisema.

Nikamuuliza mbona anatumia kitu anachokisema vibaya kila Jumapili.

"Kinasema kweli, Sista," alinijibu kwa hasira, kama mtu anayelazimishwa kumsifu adui yake. "Hilo ndilo tatizo langu nacho."

Nilichukulia ni ubishi wa uzee.

Rubani wa ndege ya madaktari, mtu wa makamo na mwenye heshima, alikuwa na kifaa kama kile ndani ya ndege, kikubwa zaidi. Alipendekeza kwa bodi ya hospitali kwamba kiwanja chetu kipimwe na wataalamu, ili njia ya kuingilia iwekwe kwenye mfumo wa setilaiti na ndege iweze kuja hata wingu likiwa chini. Kwetu wingu hukaa kwenye kilima siku nyingi za masika, na katika siku hizo tulikuwa kama kisiwa. Bodi ikamuuliza Mzee wa Ndege. Akasema hapana. Akasema setilaiti haimwoni ng'ombe, haijui tope, na mlima hauhami kumpisha mtu aliyekosea kidogo. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Bodi ikaliweka jambo lile kando, na likakaa kando misimu mitatu ya mvua.

Katika msimu wa tatu aliletwa kwetu mama mmoja kutoka Getanuwas. Familia yake ni wafugaji wa kule chini uwandani. Alikuwa amepita hospitali nyingine na kupanda hadi kwetu kwa sababu dada yake alijifungulia hapo salama. Uchungu ulikuwa wa siku ya pili, na mtoto amekaa vibaya. Daktari wetu wa upasuaji hakuwepo. Tulipiga simu, ndege ikaruka asubuhi ile ile kuja kumchukua.

Nilikimbilia chumba cha redio kuuliza imefika wapi. Mzee wa Ndege alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Rubani alikuwa juu ya wingu. Alisema kifaa chake kinamwonyesha yuko karibu nasi kabisa na anajua kiwanja kinakolala. Alihitaji kitu kimoja tu: chini ya wingu kuna nafasi kiasi gani? Akiipata atazunguka kutokea upande wa uwanda, mbali na mlima, ashuke taratibu.

Mzee alitazama dirishani. Rubani akarudia swali. Mimi nilikuwa mlangoni, nikatazama nje. Wingu lilikuwa limeinuka. Niliiona mikaratusi hadi vileleni, na nyuma yake niliiona soksi nyekundu ya upepo, mwisho kabisa wa kiwanja.

"Kiwanja kimefungwa," Mzee alisema. "Rudi ulikotoka."

"Mzee, nipe tu kimo cha wingu, niamue mwenyewe."

"Kimefungwa. Rudia."

Kisha rubani akarudia: kiwanja kimefungwa, narudi nilikotoka. Tukausikia mlio wa ndege ukipita juu yetu na kupungua. Mimi sikusema kitu. Yeye alikuwa mzee, na ndiye mtaalamu. Mimi ni nesi. Nilijiambia labda kuna kitu anachokiona ambacho mimi sikioni.

Tulimpakia yule mama kwenye Land Cruiser ya hospitali, tukashuka na barabara ya Dareda kuelekea Babati. Barabara ilikuwa tope tupu, na mara mbili dereva alilazimika kushuka kuweka mawe chini ya magurudumu. Mtoto alizaliwa kabla hatujafika lami, amekwisha kufa. Nilimfunga kwenye kanga yangu. Mama alipona, baada ya kukaa hospitali kule chini kwa majuma matatu.

Hakuna aliyemlaumu Mzee wa Ndege. Wingu ni wingu. Mume wa yule mama ndiye aliyenishangaza. Miezi miwili baadaye alipanda kutoka Getanuwas na kibuyu cha maziwa ya mgando, akaulizia nyumba ya mzee aliyeita ndege. Alikuwa amesikia kwamba mzee yule alihangaika na redio kwa ajili ya mke wake, akaona si vizuri kukaa bila kumshukuru. Nilimpeleka. Mzee alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiweka mezani. Tulikaa. Mke wake alileta vikombe, akammiminia mgeni, akanimiminia mimi. Mzee kikombe chake hakukigusa. Kwa watu wa kule kukataa maziwa ya mtu ni jambo zito, na yule mwanaume aliliona. Aliondoka ameinamisha kichwa, akidhani ameleta kitu pungufu.

Tangu siku ile Mzee alipunguza maneno. Jumapili alikuwa wa kwanza kuondoka kanisani. Ukimwambia uko njiani, alikuambia sawa.

Mwaka uliofuata hospitali ilipata mganga mkuu mpya, naye akalirudisha suala la kupima kiwanja. Bodi ilimtazama Mzee wa Ndege, ikitarajia hotuba. Alisema wapime.

Wapimaji walikuja watatu, na mkubwa wao alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mtaratibu, mwenye buti zilizochakaa. Wajumbe wa bodi walikuwa wamesimama kwa mstari pembeni mwa kiwanja kuwapokea. Alisalimia wote. Alipofika kwa Mzee alisimama kidogo, kisha akapiga goti kama anavyofanya mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mzee hakuitikia. Kwetu mtu mzima hakai na shikamoo ya mtu bila kuiitikia, hata kama wamegombana. Mwenyekiti wa bodi alikohoa. Hapo Mzee akasema, "Usiniamkie kwanza. Ngoja waisikie hii."

Akaisema mbele ya watu wote, pale pale tuliposimama. Wakati setilaiti inajaribiwa, walikaa wawili: yeye kwenye rada, na binti huyu, aliyemfundisha mwenyewe, kwenye kioo kipya. Siku chache kabla, radi ilikuwa imepiga mtambo wa rada, na fundi akaandika kwenye daftari la zamu kwamba rada isitegemewe hadi ipimwe. Yeye aliyasoma maandishi hayo, akatia saini. Lakini alipokaa kitini alikaa kama alivyokaa maisha yake yote, akakiamini kioo chake. Ndege ya abiria ilikuwa ndani ya wingu. Rada ilionyesha imekwisha kuupita mlima. Binti akamwambia, Mwalimu, kwangu bado hajaupita. Yeye akamwambia anyamaze, akampa rubani ruhusa ya kushuka. Wingu likapasuka kidogo, rubani akaona miti chini ya bawa, akaivuta ndege juu. Hakufa mtu. Uchunguzi ulipofanyika, yeye alisema binti hakumwambia kitu. Na ule ukurasa wa daftari haukuonekana kwa sababu aliuchana. Binti aliondolewa kwenye kuongoza ndege, akapelekwa stoo kuhesabu vipuri kwa miaka. Yeye aliomba kustaafu mapema, akaagwa kwa heshima.

"Setilaiti ilisema kweli," alimaliza. "Na yeye alisema kweli. Niliyesema uongo ni mimi."

Yule mwanamke alikuwa ameshasimama wima. Alipanguza vumbi kwenye goti. Hakuonekana kushangaa.

"Mimi nilijua, Mwalimu," alisema. "Nilichokuwa sijui ni kama na wewe ulijua."

Kisha akawaita wenzake, wakaanza kazi. Walipima siku mbili. Mchana wa pili nilimpelekea chai kiwanjani, akanywa amesimama, macho kwenye chombo chake. Aliniambia alikuwa ameyangoja maneno yale miaka mingi sana, na sasa ameyapata na hajui ayaweke wapi. Alipoondoka alimpa Mzee mkono, akapanda gari. Shikamoo hakuirudia.

Watu wa Dongobesh waligawanyika. Wengine walimsifu kwa ujasiri, wengine waliona amewadanganya na wao, jambo ambalo ni kweli. Mke wake aliniambia alimjua ana kitu, lakini alidhani ni mwanamke.

Njia ya kuingilia ilipoanza kutumika na ndege ikashuka kwetu ndani ya wingu, haukupita mwezi, Mzee akaja nyumbani kwangu asubuhi, amevaa koti. Alikataa kukaa. Aliniambia siku ile ya redio hakukifunga kiwanja kwa sababu ya wingu. Nafasi ilikuwepo, aliiona. Tangu siku ya mlima hakuweza tena kumruhusu mtu kushuka ndani ya wingu. Neno lilikuwa linafika kooni na kukaa. Akaifunika hofu yake kwa maneno mengi juu ya setilaiti, na sisi tukamsaidia kuifunika. Alitaka nimpeleke Getanuwas.

Nikamwambia na mimi niliiona soksi ya upepo.

"Basi twende wote," alisema.

Tuliomba lifti kwenye gari la kliniki ya watoto, tukalala Katesh kwa ndugu yangu, asubuhi tukateremka hadi Getanuwas. Mume alikuwa malishoni mbali. Tulimkuta yule mama anapepeta mahindi, na mama mkwe wake, bibi mkongwe, ameketi juu ya ngozi kwenye kivuli cha ukuta. Mama alituamkia, akatuletea vigoda. Mzee wa Ndege alikalia kimoja, koti lake likigusa vumbi, akaanza kusema kabla hajaulizwa habari za nyumbani.

Sentensi ya kwanza tu, yule mama akainua mkono.

"Sema polepole," alisema. "Bibi huyu Kiswahili hakijui vizuri. Nataka nimtafsirie."

Basi ikawa hivyo. Alisema kwamba siku ile ndege ilikuwa juu, akanyamaza, akaisikia sentensi yake ikipita katika lugha asiyoijua. Alisema rubani alitaka kushuka, akanyamaza. Alisema nafasi ilikuwepo. Alisema aliogopa. Sauti ya yule mama haikubadilika hata mara moja. Alitafsiri kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Nami nikasema nilikuwa mlangoni, nikaona, nikanyamaza. Hilo nalo alilitafsiri.

Alipomaliza alichukua ungo, akauweka magotini bila kupepeta.

"Alikuwa wa kike," alimwambia Mzee. "Hukuwahi kuuliza." Hilo hakulitafsiri. Nilikuwa najua alikuwa wa kike, mimi ndiye niliyemfunga, na kwa muda wote ule sikumwambia Mzee.

Bibi akasema maneno machache, huku anamtazama Mzee usoni.

"Anauliza kama siku hizi ndege inashuka kukiwa na wingu," yule mama alisema.

Mzee wa Ndege alivua kofia, akaishika.

"Mwambie inashuka," alisema.

Mama akatafsiri. Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu kuonyesha amesikia, akageukia uwanda. Tulikaa pale kwenye vigoda. Hakuna aliyetuambia tubaki, na hakuna aliyetuambia tuondoke.